Wamerudi Liwonde, Lakini ni Watoto wa Nani?

Mwezi Novemba 2019 faru weusi 17 kutoka KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, walisafirishwa kwa ndege hadi Malawi, kisha malori yakawafikisha Hifadhi ya Taifa ya Liwonde, kando ya Mto Shire. Habari hiyo iliandikwa kama zilivyoandikwa habari za duma mwaka 2017 na simba mwaka 2018: wanyama gani, wangapi, wametoka wapi. Swali ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote halikupata nafasi. Liwonde ilikuwa na faru tangu mwaka 1993, na walikuwa wakizaa. Ya nini basi kuleta wengine 17 kwa gharama ile na kwa hatari ile?

Jibu liko kwenye ukoo wao. Faru wa asili wa Malawi walimalizwa na majangili kufikia miaka ya mwanzo ya 1990. Mwaka 1993 dume na jike wakaletwa Liwonde kutoka Afrika Kusini, wachache wengine wakafuata miaka ya baadaye, na kutokana na hao kundi likaanza kukua. Kila ndama aliyezaliwa alishangiliwa, na ilikuwa haki kushangilia. Lakini ndama hao walikuwa watoto wa baba walewale. Wakikua, wangepandana na dada zao, shangazi zao, binamu zao. Idadi ingeweza kupanda mwaka hata mwaka huku kundi likidhoofika ndani kwa ndani, na mtu aliyesimama kwenye gari la watalii asingeona lolote.

Mama mmoja anayefuga mbuzi katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kule Dowa, alinielewa kabla sijamaliza kueleza. "Beberu wangu nilimpeleka kwa jirani mwaka jana, nikachukua wake," aliniambia. "Angebaki angepanda binti zake. Ukimwacha, baada ya miaka miwili mitatu unaanza kuona watoto wanazaliwa dhaifu, wengine hawanyonyi. Sasa hao wakubwa wa mbuga hilo hawalijui, mwanangu?" Wanalijua, mama. Tatizo ni kwamba simba hakamatwi kwa kamba akapelekwa kwa jirani, na mbuga ya jirani yenye simba wa ukoo mwingine iko nchi nyingine.

Ubaya wenyewe unakuja hivi. Kila mnyama hupokea nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Nakala zenye hitilafu zipo kwa kila kiumbe, binadamu naye akiwemo, na mara nyingi hazidhuru kwa sababu nakala nzima iliyo upande wa pili hufanya kazi ya zote mbili. Ndugu wakizaliana, mtoto anakuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kupokea hitilafu ileile kutoka pande zote. Matokeo yake ni mimba zinazoharibika, watoto wanaokufa wachanga, mbegu za kiume zisizo na nguvu. Hasara ya pili huja taratibu. Katika kundi dogo jeni adimu hupotea kwa bahati mbaya tu: jike aliyekuwa nayo anaumwa na nyoka kabla hajazaa, na jeni hiyo imekwenda. Siku ukija ugonjwa mgeni, mnyama ambaye mwili wake ungeuhimili hayupo, kwa kuwa mama yake hakuwahi kumzaa.

Mwaka 1980 mwanasayansi Ian Franklin alitoa vipimo viwili ambavyo watu wa uhifadhi wamevitumia na kuvibishania hadi leo: 50, ili kundi lisiumie haraka kwa kuzaliana ndugu kwa ndugu, na 500, ili lihifadhi utofauti wake kwa vizazi vingi. Wapo wanaosema vipimo hivyo vingepaswa kuwa mara mbili. Na wanaohesabiwa hapo ni wazazi wanaochangia damu kwa kweli, wala si kila mwenye miguu minne. Kundi la simba 40 linaweza kuwa na madume wawili tu wanaozalisha, na wawili hao mara nyingi ni ndugu wa tumbo moja. Kwa hesabu ya jeni, simba hao 40 ni wachache mno.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote naujua kutoka Ngorongoro, na uzio wa binadamu hauhusiki. Kuta za kreta zenyewe huwatenga simba wa ndani na wenzao wa Serengeti. Mwaka 1962, baada ya mvua kubwa, nzi wanaouma walizaliana kupita kiasi, wakawavamia simba hadi miili ikajaa vidonda na wakashindwa kuwinda. Walibaki simba kama kumi hivi. Baadaye madume saba waliingia kutoka nje, wakachanganya damu. Kisha mlango ukafungwa: madume waliozaliwa humo ndani walikuwa wengi na wenye nguvu, kila mgeni aliyeteremka kretani alifukuzwa. Ndani ya miaka michache kundi lilikuwa limejaa tena, na watalii walikuwa wanapiga picha za simba wenye manyoya yanayong'aa.

Picha hizo ndizo zilizofichua mambo. Craig Packer na wenzake walikusanya picha za miaka mingi, nyingine za watalii, wakamtambua kila simba kwa vidoa vya kwenye mashina ya sharubu zake, wakajenga mti wa ukoo. Mwaka 1991 walichapisha walichokikuta: simba wote wa kreta walikuwa wazao wa wanyama 15 tu. Vipimo vya maabara vilionyesha kuwa madume wa kreta walikuwa na mbegu nyingi zenye kasoro kuliko madume wa Serengeti, umbali ambao gari huumaliza kwa saa chache. Maradhi yalipoingia tena mwaka 2001, kundi lilipigwa vibaya. Simba waliokuwa wazuri mno kwa macho walikuwa wakibeba deni ambalo hakuna aliyeliona.

Katika hifadhi ya Hluhluwe-iMfolozi, Afrika Kusini, hadithi ni hiyohiyo ila mwisho wake ni tofauti. Dume mmoja aliingia mwenyewe mwaka 1958, majike wachache wakaletwa miaka ya 1960, na simba wote waliofuata wakatoka kwa hao. Kufikia miaka ya 1990 dalili za udhaifu zilikuwa wazi. Kuanzia mwaka 1999 simba 16 kutoka kwingine waliingizwa, na watoto waliotokana na wageni hao walikuwa na nafasi bora ya kuishi. Yaani dawa ipo, na inafanya kazi. Inachohitaji ni mtu wa kuitoa kwa wakati.

Duma ni kisa cha peke yake. Spishi nzima ilipita kwenye tundu la sindano maelfu ya miaka iliyopita, kabla ya bunduki na kabla ya mashamba. Miaka ya 1980 Stephen O'Brien na wenzake walifanya jaribio ambalo kila nikilisoma hunisisimua. Walichukua vipande vidogo vya ngozi ya duma mmoja wakavishona kwenye mwili wa duma mwingine asiye na udugu naye. Mwili wenye afya hukataa ngozi ya mgeni. Kipande cha ngozi ya paka wa nyumbani, kilichoshonwa pembeni kwa ajili ya kulinganisha, kilikataliwa upesi. Cha duma mwenzake kilishika na kukaa, kana kwamba mwili haukuona kuwa ni cha mwingine. Kufanana kwao kulikuwa kumefika hapo. Wakati huohuo, katika bustani moja ya wanyama huko Oregon, Marekani, ugonjwa wa virusi ambao paka wengi hupona uliua sehemu kubwa ya duma waliokuwapo. Kinga ya mwili haikutofautiana kati ya duma mmoja na mwingine, kwa hiyo kirusi kilichomshinda mmoja kilijua njia ya kuwashinda wengi.

Ndiyo maana duma wanaoletwa Malawi hawachaguliwi kwa ukubwa wala kwa uzuri. Mwaka 2011 shirika la Endangered Wildlife Trust la Afrika Kusini lilianza kuyaendesha makundi madogo ya duma yaliyotawanyika katika hifadhi zenye uzio kama kundi moja, kwa kuweka rekodi ya nani ni mtoto wa nani na kuwahamisha vijana kabla hawajapanda ndugu zao. Duma walioshuka Liwonde mwaka 2017, miongo miwili baada ya aina hiyo kutoweka Malawi, waliingia katika daftari hilo, na hifadhi nyingine ya Malawi, Majete, ikapata wake mwaka 2019. Mbwa mwitu 14 waliokuja nchini mwaka 2021 walichukuliwa kutoka pande mbili, Afrika Kusini na Gorongosa ya Msumbiji, wakagawanywa kati ya Liwonde na Majete. Mtu asiyejua angeona usumbufu wa bure kukusanya wanyama 14 kutoka nchi mbili. Kwa mbwa mwitu, ambao katika kila kundi kwa kawaida huzaa dume mmoja na jike mmoja tu, kuchanganya asili ni jambo la kwanza.

Malawi haina namna nyingine. Liwonde ina kilomita za mraba 548. Majete, ambayo shirika la African Parks liliichukua mwaka 2003 ikiwa karibu tupu, ina 700. Kuzunguka hifadhi hizi kuna mahindi, tumbaku, vijiji na barabara, na uzio wa umeme umewekwa kwa sababu za msingi: tembo wasile chakula cha watu, na majangili wasiingie na mitego ya waya, ambayo askari wa Liwonde wameing'oa kwa makumi ya maelfu. Zamani simba kijana aliyefukuzwa na baba yake alitembea hadi Msumbiji au Zambia akatafuta jike asiyemjua. Sasa akitembea anakutana na waya. Kazi ambayo miguu yake ilikuwa ikiifanya bure, leo inafanywa na lori, helikopta na bajeti.

Na kazi yenyewe si ya mchezo. Faru hupigwa sindano ya usingizi kutoka kwenye helikopta. Dawa inayotumika ni kali kiasi kwamba tone lake linaweza kumuua binadamu, kwa hiyo daktari huishika kwa glavu na mwenzake husimama tayari na dawa ya kuipinga. Mnyama wa karibu tani moja anayumba, anapiga magoti. Watu wanamkimbilia: mmoja anamfunga macho kwa kitambaa, mwingine anamziba masikio ili kelele zisimshtue, wa tatu anahesabu pumzi. Sikio hukatwa pengo dogo ambalo litakuwa alama yake maisha yote, ili askari amtambue kwa darubini. Kipande kilichokatwa hakitupwi. Kinaingia kwenye kichupa chenye namba, na kutoka humo maabara inaweza kusoma jeni zake. Chuo Kikuu cha Pretoria kina hazina ya taarifa za namna hiyo iitwayo RhODIS, inayotumika pia mahakamani: pembe ikikamatwa, inaweza kulinganishwa na faru aliyeuawa. Kisha faru anaamshwa nusu, anaongozwa kwa kamba akiwa bado ana kitambaa machoni, anaingia mwenyewe kwenye sanduku la chuma.

Baada ya yote hayo bado anaweza kufa. Mwaka 2018 Kenya iliwahamisha faru weusi 11 kutoka Nairobi na Nakuru kwenda Tsavo Mashariki. Kumi walikufa baada ya kunywa maji ya chumvi nyingi ambayo miili yao haikuyazoea, na wa 11 alishambuliwa na simba. Damu mpya haina maana kama aliyeibeba hafiki kwenye msimu wa kuzaa.

Hapo linakuja swali ambalo nadhani halijaulizwa vya kutosha hapa kwetu: damu ipi? Mwaka 2017 Yoshan Moodley na wenzake walichapisha utafiti wa faru weusi waliopo, wakiwalinganisha na mifupa na ngozi za zamani zilizohifadhiwa kwenye majumba ya makumbusho. Walikuta kuwa asilimia 69 ya utofauti wa jeni zinazorithiwa upande wa mama imepotea. Faru weusi walikuwa kama 100,000 mwaka 1960. Katikati ya miaka ya 1990 walibaki chini ya 2,500. Leo wamepanda hadi zaidi ya 6,000. Kupanda huko ni ushindi uliopatikana kwa jasho na kwa maisha ya askari, nami sitaudharau. Lakini ile asilimia 69 haikupanda pamoja nao. Idadi unaweza kuirudisha kwa miaka thelathini ya ulinzi. Jeni iliyopotea hairudi.

Nao faru wa KwaZulu-Natal, chanzo cha wale 17, wanatoka katika kundi lililonusurika likiwa dogo sana, na utafiti wa jeni za upande wa mama uliwakuta wote wakiwa wa ukoo mmoja. Faru wa bonde la Zambezi, upande wa Zimbabwe, wana utofauti mkubwa zaidi, na wote wawili ni wa aina moja ya kusini, kwa hiyo kuwachanganya hakuvunji asili ya yeyote. Siwalaumu waliowaleta wale 17. KwaZulu-Natal ndiyo iliyokuwa na faru wa kutoa, ikawatoa, na Liwonde ilipata wanyama wasiokuwa ndugu wa karibu wa waliokuwapo. Lakini nikiulizwa shehena ijayo itoke wapi, nitasema Zambezi, hata ikiwa ni faru watatu tu. Wataalamu wana kanuni rahisi: mgeni mmoja anayefanikiwa kuzaa katika kila kizazi hutosha kupunguza sana madhara ya kutengwa. Si lazima waje 17. Ni lazima wawe wageni kweli.

Tanzania ina kisa cha mgeni mmoja wa aina hiyo, na alikuja kwa miguu yake. Ujangili ulipowamaliza faru wa Serengeti, katika eneo la Moru walibaki majike wawili. Majike wawili hawana mustakabali. Miaka ya 1990 dume aliyepewa jina la Rajabu aliondoka Ngorongoro, akavuka nyanda, akafika Moru. Hakupigwa sindano wala hakupandishwa lori. Kundi la Moru likaanza upya kutokana na yeye na majike hao wawili, na askari wa eneo lile walimlinda kama mzee wa ukoo, maana ndivyo alivyokuwa.

Lakini hesabu ya mama wa Dzaleka inamhusu Rajabu pia. Baba mmoja, mama wawili: kizazi cha pili ni ndugu watupu. Mwezi Mei 2010 faru watano walirudishwa Serengeti kutoka Afrika Kusini, Rais Jakaya Kikwete akiwapokea. Walikuwa wazao wa faru waliochukuliwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, yaani damu ya Afrika Mashariki iliyohifadhiwa ugenini kwa karibu miaka 50 wakati huko nyumbani kwao risasi zikilia. Mwezi Desemba mwaka huohuo mmoja wao, George, aliuawa na majangili. Alipoanguka haikupungua namba moja tu kwenye orodha. Ulikatika mstari wa ukoo uliokuwa umesafiri kwenda na kurudi bara zima.

Wasomaji wengi wa Dzaleka wametoka Kivu, mashariki mwa Kongo, na kuna habari ya kwao inayostahili kujulikana zaidi. Katika Mlima Tshiaberimu, ndani ya Hifadhi ya Virunga, sokwe wakubwa wa tambarare za mashariki, wale tunaowaita ngagi, wamekaa wametengwa kwa miaka mingi. Mashamba na makazi yamewazunguka, na kundi lilishuka hadi wasiofika kumi. Katika hali hiyo hata ulinzi wa saa 24 unachelewesha mwisho tu. Mwezi Oktoba 2024 majike wanne waliolelewa katika kituo cha GRACE, huko Kasugho, Kivu Kaskazini, walipelekwa mlimani wakaungane na wenzao wa porini. Wote walikuwa mayatima wa ujangili. Walinyang'anywa mama zao wakiwa wachanga, wakaokolewa, wakalelewa pamoja kwa miaka. Sasa kila mmoja amebeba mlimani damu isiyokuwapo huko.

Nawaza mara nyingi juu ya majike hao. Mtu aliyemuua mama ngagi ili auze mtoto hakujua kwamba anamhamisha mtu wa ukoo adimu. Waliomlea mtoto yule, katika eneo ambalo vita havijawahi kukaa mbali, walilijua hilo, wakasubiri miaka zaidi ya kumi hadi afae kurudi msituni. Na ngagi wa milimani, ambao baadhi yao wanaishi upande wa pili wa Virunga, wanatukumbusha kwamba namba pekee hazitoshi: wamevuka 1,000, wamepunguziwa daraja la hatari mwaka 2018, lakini usomaji wa jeni zao umeonyesha wazazi waliokaribiana kwa ukoo kwa maelfu ya miaka. Baadhi yao huzaliwa na vidole vilivyoungana. Wanaishi, wanazaa, na wanafaa kushangiliwa. Ila ugonjwa wa mapafu unaoletwa na mtalii mwenye mafua ni hatari kubwa kwao kuliko unavyoweza kudhani ukiwatazama.

Wapo wanaosema dawa ya haya yote ni kuondoa uzio na kuunganisha mbuga, wanyama wachanganyike wenyewe kama Rajabu. Kwenye karatasi wana haki. Sehemu moja Malawi imefanya hivyo: Msitu wa Mangochi umeunganishwa na Liwonde tangu mwaka 2018, na eneo la kutembea limeongezeka. Kasungu ni jambo jingine. Mwezi Julai 2022 tembo 263, pamoja na wanyama wengine zaidi ya 400, walihamishwa kutoka Liwonde iliyokuwa imejaa hadi Hifadhi ya Kasungu, ambako tembo walikuwa wamepungua kutoka zaidi ya 1,000 miaka ya 1970 hadi kama 120. Upande wa Zambia uko wazi, na kwa jeni hilo ni jema: tembo wa Kasungu wanaweza kukutana na wa Zambia bila mtu kukodi lori. Lakini upande wa mashariki uzio ulikuwa haujakamilika, na tembo waliozoea Shire walijikuta kati ya mashamba wasiyoyajua. Watu wameuawa, Malawi na Zambia. Mahindi ya mwaka mzima yameliwa usiku mmoja.

Kijana mmoja wa Kauma, hapa Lilongwe, aliyejifunza Kiswahili alipokuwa akifanya kazi Mbeya, aliniambia bila kuzunguka: "Kaka, shangazi yangu yuko Kasungu. Halali. Wewe unanieleza damu ya tembo, na damu ya watu je?" Sikuwa na jibu la kumtuliza, na sidhani jibu la namna hiyo lipo. Ninachoamini ni kwamba hakuna mpango wa kulinda ukoo wa mnyama utakaodumu kwenye ardhi ambayo wenyeji wake wanaenda kulala kwa hofu. Uzio ulipaswa kukamilika kwanza, tembo wafuate. Kama gharama ya uzio ni kuwabeba wanyama wachache kwa lori kila baada ya miaka kadhaa, basi na tulipe gharama hiyo. Ni ndogo kuliko ile inayolipwa sasa na familia zilizozika.

Na kulipa huko kunataka mambo ambayo hayana mvuto kwenye picha. Kunataka daftari la ukoo la kila simba na kila faru, lisomeke na ofisi ya Idara ya Hifadhi za Taifa na Wanyamapori hata wabia wa leo wakiondoka. Kunataka sampuli kuchukuliwa kila mnyama anapolazwa usingizi, kwa sababu yoyote ile, hata kama alilazwa ili kuondolewa waya mguuni. Kunataka maabara katika kanda hii inayoweza kuzisoma, na vijana wa Malawi, na kwa nini wasiwemo wa Dzaleka waliosoma biolojia, wanaojua kuitumia. Na taarifa ya kila mwaka inapotangaza kuwa simba wameongezeka, mstari unaofuata ueleze wana baba wangapi.

Kwa simba wa Liwonde hili si la kusubiri. Waliachiwa mwaka 2018, baadhi wakitoka Majete na wengine Afrika Kusini. Jike wa simba huanza kuzaa akiwa na miaka kama minne. Porini, ambako hakuna uzio, dume hutawala kundi miaka miwili au mitatu kisha hufukuzwa na wageni, na hivyo huondoka kabla binti zake hawajakomaa. Ndani ya uzio hakuna mgeni wa kumfukuza. Binti waliozaliwa mwaka wa kwanza baada ya kuachiwa wamekwisha kuwa mama, na kila kundi la watoto linalozaliwa sasa, swali la kwanza kuhusu baba yao linapaswa kujibiwa kwa sampuli. Palipo na baba aliyepanda binti zake, dume huyo ahamishwe, na mwingine wa ukoo wa mbali aletwe, kabla msimu wa mvua haujafanya barabara za Liwonde zisipitike.